Nuru Isiyomtia Jirani Gizani

Bismillahir Rahmanir Rahim



Mtu akisimama Irente, karibu na mji wa Lushoto, wakati jua linapokuchwa, huona ukuta wa mlima ukishuka ghafla hadi Mazinde, na ng'ambo yake nyika pana ya Wamasai. Nilipokuwa mtoto, usiku ulipoingia nyika ile yote ilikuwa giza tupu, isipokuwa mwanga wa gari moja moja likipita barabarani. Majumbani mwetu tulisoma kwa koroboi, na asubuhi tulipopenga kamasi tulitoa masizi. Siku hizi, nirudipo nyumbani kwa likizo kutoka chuoni ninakofundisha, nchi za ng'ambo, huziona taa zimetapakaa pale chini. Baadhi yake hupata nguvu kutoka maporomoko ya mito, na nyingine kutoka juani, kwa vibao vya sola vilivyowekwa juu ya mapaa. Watoto wanasoma usiku, wakunga wanazalisha penye mwanga, na adhana ya alfajiri inasikika hadi kijiji cha pili. Alhamdulillah! Asiyeshukuru kwa neema hii hakumbuki tulikotoka.

Nishati ya namna hii huitwa nishati safi, na wengine huiita nishati ya kijani. Majina hayo ni mazuri, lakini jina zuri lina hatari yake. Mtu akishaambiwa kwamba kitu ni safi, huacha kukichunguza. Naye avaaye kanzu nyeupe hadhaniwi kuwa ana deni la watu. Katika makala haya napenda tuulizane swali moja: Je, nuru isiyotoa moshi ndiyo nuru isiyo na deni? Nami nitajibu tangu sasa kwamba sivyo. Kila nuru tunayowasha hutwaa kitu mahali fulani, na mara nyingi anayetwaliwa siye anayemulikiwa. Dini haituzuii kuwasha taa. Yatutaka tumtafute yule aliyetwaliwa, tumlipe haki yake.

Kurani Tukufu yenyewe imeutaja ukijani pamoja na moto. Katika sura Yasin (36:81) tunakumbushwa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyetufanyia moto kutokana na mti wa kijani. Basi nishati, iwe ya kuni, ya maji au ya jua, ni kipawa chake, na kipawa huulizwa habari zake. Sura At-Takathur (102:9) yatuonya kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Na katika sura Ar-Rahman (55:8-10) tunaambiwa kwamba Mungu aliyeinua mbingu ameweka mizani, nasi tusiivuke mizani hiyo wala tusiipunguze. Wengi hudhani mizani hiyo ni ile ya dukani tu, ya sukari na unga. Lakini imetajwa pamoja na mbingu, jua na mwezi, nyota na miti. Ni mizani ya uumbaji mzima.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe shaka moja. Mtu anaweza kusema, "Ikiwa umeme wa maji na wa jua nao una madhara, basi na turudie kuni na mkaa wetu." Hapana, ndugu yangu. Mkaa unamaliza misitu yetu, na moshi wa jikoni unamaliza mapafu ya mama zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Ndiyo maana Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Lengo hilo ni jema, na Mwislamu hana budi kuliunga mkono. Anayeonyesha kasoro ya nguo mpya hasemi turudie matambara; ataka nguo ishonwe vizuri.

Sasa tuutazame Mto Pangani, kwa kuwa maji yake kwa sehemu ni maji ya milima yetu. Mto huu huanzia Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka kandokando ya Upare na Usambara hadi upande wa Korogwe, ambako hupokea maji ya Mkomazi na ya Lwengera. Hupita Hale, na mwisho huingia baharini penye mji wa Pangani. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960. Kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza mwaka 1964. Na kituo kipya cha Pangani, chenye megawati 68, kilianza mwaka 1995. Maelfu ya nyumba yamepata nuru kwa kazi hiyo, na hakuna moshi uliopanda mbinguni.

Lakini chini ya Nyumba ya Mungu palikuwa na kinamasi kikubwa kiitwacho Kirua. Zamani mto ulipofurika, maji yalitanda pale, yakaacha udongo wenye rutuba, samaki na malisho. Mafuriko yale yalikuwa ndiyo shamba na soko la wenyeji. Bwawa lilipoanza kuyazuia maji na kuyatoa kidogo kidogo kwa ajili ya mitambo, mafuriko yalikoma katika miaka mingi, kinamasi kikapungua, na riziki ya watu ikapungua pamoja nacho. Na huko mwisho wa safari, mto uliopungua nguvu hauwezi kuisukuma bahari kama zamani, hata maji ya chumvi yakapanda mtoni kuwafuata wakulima. Si mabwawa peke yake yaliyofanya hayo, kwa maana mifereji ya mashamba ya juu nayo hunywa sehemu kubwa ya mto. Lakini mvuvi wa Kirua hapewi nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba waliomnyang'anya maji ni wengi.

Jambo hili limekwisha kuhukumiwa katika Uislamu miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Zubair r.a. na mtu mmoja katika Ansari waligombea maji ya mfereji kule Madina. Shamba la Zubair lilikuwa juu, na la yule Ansari lilikuwa chini. Mtume Mtukufu s.a.w. alimwagiza Zubair amwagilie shamba lake, kisha ayaachilie maji yamwendee jirani yake. Tazameni uadilifu wa hukumu hii! Wa juu anayo haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kumaliza. Wakulima wa Lushoto, ambao tangu enzi za mababu wamegawana zamu za mifereji mabondeni, wanaielewa hukumu hii bila ya kufafanuliwa. Kinachobaki ni kuipandisha kutoka kwenye mfereji wa bonde hadi kwenye bwawa la taifa. Anayejenga bwawa ni mwenye shamba la juu, na wote walio chini yake hadi baharini ni majirani zake. Leo kituo cha Julius Nyerere katika Mto Rufiji, chenye megawati 2,115, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, kina jirani mkubwa kule chini: delta yenye mikoko, wakulima wa mpunga na wavuvi. Hukumu ya Zubair inawahusu wao pia.

Kadhalika jirani si mwanadamu peke yake. Katika sura Al-An'am (6:39) Mwenyezi Mungu atufundisha kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Hebu nikusimulieni habari za umma mmoja mdogo.

Milima ya Usambara ni sehemu ya mlolongo mrefu wa milima ya kale, iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Katika milima hii Mungu ameweka viumbe wasiopatikana penginepo. Ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul alilipeleka Ulaya mwaka 1892, sasa limo madirishani ulimwengu mzima. Wapo pia vyura wadogo ambao hawatagi mayai majini bali huzaa watoto walio hai. Mmoja wa ukoo huo aligunduliwa mwaka 1996 kule Udzungwa, chini ya maporomoko ya Mto Kihansi. Alikuwa mdogo kama ncha ya kidole, mwenye rangi ya dhahabu, naye aliishi katika manyunyu ya maporomoko yale tu, mahali pasipofikia ukubwa wa mashamba machache ya mahindi. Duniani kote hakuwa na makao mengine.

Lakini wakati anaonekana, ujenzi wa kituo cha umeme cha Kihansi, chenye megawati 180, ulikuwa umekwisha anza. Mwaka 2000 sehemu kubwa kabisa ya maji ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Watu hawakukaa kimya: waliweka mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, wakaacha sehemu ndogo ya mto ipite, na vyura wapatao 500 wakasafirishwa hadi Marekani walelewe huko. Hata hivyo, baada ya miaka michache maradhi ya kuvu yaliwaangamiza waliobaki, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Waliolelewa ughaibuni walianza kurudishwa nchini mwaka 2010, wakafikishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena korongoni kwao.

Wapo watakaocheka na kuuliza: Je, chura ana thamani kuliko taa ya hospitali? Swali hilo limewekwa vibaya. Mungu hakututaka tuchague kati ya mgonjwa na chura, maana wote wawili ni wake. Swali la haki ni hili: Je, kabla ya kuugeuza mto tulitafuta kujua ni nani anayeishi kwa manyunyu yake? Chura yule alionekana wakati kazi imekwisha anza. Na gharama ya mabomba, safari na malezi ya miaka mingi ilikuwa ndiyo ada ya kuchelewa kuuliza.

Ndugu wasomaji, ni rahisi kuhubiri juu ya mabwawa, kwa kuwa mimi na wewe hatujengi mabwawa. Basi sasa sina budi kuja nyumbani kwangu mwenyewe.

Mwaka 2003, nilipokuwa kijana wa miaka 23, nyumbani kwetu tulikuwa na kibao kimoja cha sola na betri moja kubwa ya gari, iliyotuwashia taa mbili na redio. Tulijiona tumeokoka. Betri ilipokufa, mnunuzi wa vyuma chakavu alisema ataichukua kwa ajili ya risasi iliyomo ndani, lakini hakutaka kubeba maji yake. Nikafungua vifuniko, nikamwaga tindikali yote, pamoja na tope la kijivu lililokuwamo, kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Nikapokea fedha zangu, nikaenda zangu. Mfereji ule ulikwenda kwenye bustani ya kabichi ya jirani yetu, bibi mjane. Baada ya siku chache matuta mawili yalinyauka. Nilimsikia akilalamika kwamba ameuziwa mbegu mbaya. Nilinyamaza. Nikasafiri kwenda kusomea dini, nikiwa nimebeba vitabu vya fiqhi mkobani na haki ya jirani shingoni.

Niliporudi baada ya miaka mingi, bibi yule alikuwa amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kwa mwanawe nikamweleza yote na kumwomba msamaha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kwa matuta yale tumekusamehe. Lakini matuta mengine hayakunyauka. Tuliyala. Je, hayo nayo yalikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Risasi haina harufu wala haiunguzi jani. Hukaa udongoni miaka na miaka, na ikiingia mwilini mwa mtoto huudhuru ubongo wake. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama.

Yaliyotupata sisi kwa betri moja, wenzetu wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, waliyapata kwa maelfu ya betri. Mwaka 2007 kilifunguliwa karibu na makazi yao kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Kazi yenyewe kwa jina ilikuwa njema, maana kutumia tena kilichochakaa ni bora kuliko kukitupa. Lakini moshi na maji machafu yaliingia majumbani, na watoto wakaugua. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipata habari kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaanza kupigania haki za wenyeji hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya; na baada ya rufani kadhaa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha haki yao Desemba 2024. Fidia ni jambo jema, lakini haimrudishii mtoto akili aliyopokonywa.

Hapa nataka tukumbuke mfano aliotupigia Mtume Mtukufu s.a.w. wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini walipotaka maji iliwabidi kupita kwa wale wa juu. Wakasema, heri tutoboe tundu upande wetu, tusiwaudhi wenzetu. Mtume s.a.w. akafundisha kwamba wakiachwa wafanye walivyotaka, wote wataangamia, na wakizuiwa mikono, wote wataokoka. Tazameni kwamba watu wale hawakuwa na nia mbaya! Nia yao ilikuwa kuwapunguzia wenzao udhia. Lakini bahari haiulizi nia. Huingia penye tundu. Ni kweli kwamba amali huhesabiwa kwa nia mbele ya Mungu, lakini nia njema ya mtu haimwondolei jirani yake madhara, wala haimwondolei mwenyewe wajibu wa kuziba tundu alilolitoboa. Nishati safi ni nia njema. Nasi yatupasa tuwe watu wa jahazini wanaozungumza kabla ya msumeno kuanza.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuache israfu. Mtume s.a.w. alikataza kupoteza maji katika kutawadha hata kwa mtu aliye kando ya mto utiririkao. Alikuwa akitufundisha kwamba wingi wa kitu hauhalalishi kukipoteza. Taa ya msikitini iwakayo mchana nayo ni israfu, na kila umeme unaopotezwa bure humkaribisha mtu kuugeuza mto mwingine.

Pili, tutunze chanzo. Mitambo ya Hale na Pangani inakunywa maji ya misitu. Msitu wa Magamba hunasa ukungu na kuutoa polepole mwaka mzima. Anayekata miti kileleni huzima taa bondeni, hata kama hajui. Naye anayepanda mti hupata sadaka kwa kila ndege, mtu au mnyama atakayekula matunda yake, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu.

Tatu, tujichunge na betri. Usiifungue, usiimwage, usiivunje, wala usimpe mtoto aichezee. Iweke wima penye paa, mbali na chemchemi na jiko, kisha irudishe kwa muuzaji au kwa mtu aliyepewa idhini ya kuzikusanya. Ukinunua mpya, muulize muuzaji kwanza kama ataichukua ya zamani. Misikiti yetu iwe ya mwanzo katika jambo hili, kwa sababu misikiti mingi ya vijijini inatumia sola, na haifai nyumba ya Mungu imwage sumu katika mfereji wa waja wake.

Nne, tukiitwa katika mikutano ya kijiji kuhusu mradi wa maji, wa jua au wa upepo, twendeni, tuulize kwa adabu: Maji yakipita hapa, nani atayakosa kule? Mtambo ukifa, nani atauzika? Kuuliza hivyo hakumfanyi mtu kuwa adui wa maendeleo.

Wazee wetu wa Kishambaa, tangu enzi za watawala wa Vugha, walikuwa na maneno mawili ya kupimia kila kiongozi na kila tendo: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Hawakuuliza tendo linaitwaje. Waliuliza mvua imenyesha, watu wameshiba, nchi imetulia? Kurani Tukufu nayo yatuambia katika sura Ar-Rum (30:42) kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili wapate kurejea. Neno hilo la mwisho ndilo tumaini letu. Uharibifu unaonyeshwa ili tupate kurejea, na mikono iliyoharibu ndiyo iliyoitwa kuponya.

Mwaka jana nilipokuwa nyumbani, mimi na yule mwana wa bibi jirani tulichimbua udongo wa kingo za mfereji ule, tukaupeleka mbali na maji, tukapanda miti mahali pa yale matuta. Sijui kama imetosha. Lakini kila niwashapo taa huku ughaibuni, hulikumbuka swali lake, nami napenda nanyi mlikumbuke.

Ee Mola wetu, uliye Nuru ya mbingu na ardhi, utupe mwanga usiomtia jirani gizani. Utufundishe kupima kwa mizani yako, utusamehe tuliyoyamwaga bila kujua na tuliyoyamwaga tukijua, na uiponye nchi yetu. Amin.